Gari Halirudi Nyuma Bila Mtu

Siku ya kuniaga, vijana wa karakana waliniwekea kiti mbele, wakanipa soda na kipaza sauti, wakataka hotuba. Nikasema asanteni sana, nikakaa. Wakapiga makofi ya adabu, na mmoja nikamsikia akinong'ona, "Mzee leo amekuwa bubu?" Bubu sikuwa. Mimi nikianza kuzungumza habari za magari huwa sijui pa kusimama, na chakula kilikuwa kinapoa. Sasa niko kwangu Vitengeni, mbuzi wamekwisha kufunguliwa, mke wangu Dama amekwenda sokoni, na hapana wa kunikatiza. Haya, hotuba yenu ndiyo hii.

Vyeo sitavieleza. Kwamba nilistaafu sajini mnajua, mlinipigia saluti wenyewe, wengine kwa uvivu. Mshahara nao ulikuja ukaenda, kama wenu. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya usukani na habari ya kurudi nyuma, maana kwenda mbele kila mtu anajua.

Kabla ya jeshi nilikuwa taniboi wa lori lililobeba mahindi na mbuzi kutoka kwetu Vitengeni kwenda Malindi. Kazi yangu kupakia, kushusha, na kuchomeka jiwe nyuma ya tairi gari likisimama mlimani. Mwenye lori hakuniacha niguse usukani hata siku moja. Alisema mikono yangu ina grisi. Yake ilikuwa na mafuta ya mahamri tangu asubuhi hadi jioni, lakini hayo hayakuhesabika. Siku moja nilimwomba anipe nafasi nilisogeze gari hatua chache tu kivulini, akacheka mbele ya watu, akasema, "Wewe ni wa mawe, bwana. Usukani una wenyewe." Nilikasirika hasira ambayo mpaka leo haijanitoka vizuri. Nikaapa nitaendesha lori kubwa kuliko lake, na nikisimama nitasimama kwa breki, si kwa jiwe.

Lori kubwa nililolijua mimi lilikuwa la jeshi. Basi nikaenda uwanjani Malindi walipokuja kuandikisha. Mara ya kwanza wakasema miguu yangu bapa. Mwaka uliofuata nikarudi na miguu ile ile, wakasema kifua chembamba. Mara ya tatu afande aliyekaa mezani aliinua kichwa, akanitazama kama mtu anayeona deni lake linakuja njiani.

"Wewe tena?"

"Mimi tena, afande."

"Na miguu?"

"Nimekuja nayo, afande."

Akacheka, akanipima mwenyewe, akanipitisha. Mama yangu aliposikia alilia na baba akachinja jogoo. Mimi nikalala usingizi wa mtu aliyekwisha kushika usukani, kumbe wapi.

Mafunzo ya kuruti yalikuwa bara, kwenye baridi ya kukata masikio. Hayo sitayasimulia, kila mwanajeshi ana ya kwake na yote yanafanana: kukimbia, kupiga magoti, kukimbia. Tulipomaliza, majina yakasomwa, na jina langu likasomwa jikoni. Jikoni! Nilikabidhiwa mwiko mrefu kama kasia nikawa nasonga sima ya kikosi kizima. Sikukataa, jeshini hukatai. Ila kila Jumatatu nikimaliza chai nilivua aproni, nikaenda ofisi ya usafirishaji, nikapiga mguu chini: "Naomba usukani, afande." Naambiwa ondoka, naondoka. Jumatatu ijayo niko pale pale. Mwisho waliochoka ni wao.

Aliyenichukua aliitwa Sajini Musyoka, Mkamba mfupi mwenye sauti iliyomzidi mwili. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na nikisema lolote la maana hapa chini, jueni ni lake. Siku ya kwanza hakunipa ufunguo. Alinipa tambara.

"Tazama chini kwanza," akasema. "Gari linaloumwa hutema. Soma lilichotema."

Ndivyo nilivyojifunza kila asubuhi kupiga magoti kabla ya kupanda: doa jeusi ni oili, la kijani ni maji ya rejeta, na lile la kuteleza vidoleni lisilo na rangi ya kueleweka ni la breki, hilo likionekana huondoki. Kisha mshipi wa feni, kisha tairi moja moja kwa kiganja, kisha taa. Musyoka alikuwa akisema dereva asiyekagua gari lake asubuhi anakwenda kulikagua mtaroni. Nyinyi mnafungua simu kabla ya kufungua boneti, nimewaona.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kurudi nyuma. Lori la jeshi ni refu, lina bodi ya turubai, na nyuma yake huoni kitu. Ndiyo maana sheria ikawa hii: gari halirudi nyuma bila mtu. Mtu huyo anaitwa mwelekezi, anasimama nyuma upande wako, unamwona kwenye kioo cha kulia. Ni mmoja tu, hata kama wako watu mia wanaojua. Hatumii sauti, anatumia mikono, kwa sababu injini inakula maneno. Wewe unamtazama usoni, naye anakutazama usoni. Akitoweka kwenye kioo, unasimama pale pale, hata kama jenerali mwenyewe anakupigia kelele uendelee. Najua malori mapya yana kamera na kengele inayolia ti-ti-ti. Vizuri. Kamera ikiingia tope mtanikumbuka.

Musyoka alifundisha jambo hili kwa namna ambayo leo sijui kama mngeruhusiwa. Alijiweka mwenyewe kati ya lori na ukuta wa mawe, akampa kuruti usukani, akasema, "Ukikosea, ukuta hutaugonga. Utanigonga mimi." Niliendesha nikitokwa na jasho mpaka kwenye magoti. Aliyefuata alikuwa rafiki yangu Athman, Mswahili wa Mambrui, mtu wa mzaha na swala tano. Musyoka akarudi naye hatua kadhaa, kisha kwa makusudi akajitoa kwenye kioo, akasimama kando. Athman akaona labda mzee amekwenda kukohoa. Akaendelea, mpaka akaliponda drumu la maji lililokuwa nyuma.

"Athman, drumu hili ni mtoto wa nani?"

"Si mtoto wa mtu, afande. Ni drumu."

"Leo ni drumu," akasema Musyoka. Athman alilibeba drumu lile bapa kichwani kuizunguka karakana mpaka jua likatua, na kila akipita tulitakiwa kumuuliza mtoto anaendeleaje. Alikuja kuwa dereva mzuri. Tulifanya kazi pamoja karibu maisha yetu yote ya jeshi, kaskazini kwenye mchanga, tukipeleka maji kwa vikosi vilivyokaa mahali ambapo hata nzi hawakai. Kule nilijifunza kupunguza upepo wa tairi ili gari lielee juu ya mchanga, na kutembea kwa miguu mahali popote nisipopaamini kabla ya kupeleka tairi. Viatu kwanza, tairi baadaye. Tulikwama mara nyingi, tukachimbua. Sijawahi kuliacha gari nyuma, na hilo nalisema kwa kujivuna kabisa.

Katikati ya miaka hiyo nikaoa. Dama ni wa huko chini ya Kakuyuni, kwenye mashamba ya kando ya mto Sabaki. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na mama yake hakunitaka. Hakuwa na ubaya na mimi kama mtu, alikuwa na ubaya na kombati, sare ya watu wanaokufa mapema. Alituma neno kwa wazee wetu: "Mwambieni kijana mimi sina haja ya mkwe wa picha ukutani." Wazee wakarudi na neno hilo kama walivyolipokea. Nikatuma wengine. Mnanijua nilivyo na Jumatatu zangu. Mwisho akakubali.

Sasa hapa lazima niwaeleze wale wa bara. Kwetu sisi, mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hampeani mikono, hamkai mkeka mmoja, hamli mkitazamana, na kutazamana usoni ndiyo aibu yenyewe, ya kutolewa kuku ili ipoe. Siku hizi wengi wamelegeza. Mama mkwe wangu hakulegeza uzi hata mmoja. Nikifika kwake anavuta leso juu ya kichwa anageuka upande, nami nageuka upande wangu. Akitaka kuniuliza kitu anamuuliza Dama, nami nimekaa hapo hapo nasikia: "Dama, muulize mgeni kama kwao mvua imenyesha." Nami: "Dama, mwambie mama imenyesha kidogo." Dama akiwa hayupo tulipitisha maneno kwa mtoto yeyote, na siku moja, wallahi, kwa mbuzi: "We mbuzi, mwambie mwenye viatu avitoe juani." Nikavitoa. Tuliishi hivyo mpaka watoto wangu wakawa watu wazima, bila neno moja la moja kwa moja. Jina lake sitaliandika hapa, maana mkwe hatajwi.

Nilidhani ni heshima tu. Lakini mtu akikupa mgongo miaka yote hiyo, na mwanzo alikukataa, kuna siku unajiuliza kama bado anakukataa. Niliumia, nasema kweli, na Dama alijua.

Ikaja mvua ya mwaka wangu wa mwisho kazini. Kwetu pwani hata haikunyesha sana, ilinyesha huko bara, lakini maji ya bara huja kwetu bila kupiga hodi. Sabaki ikafura, ikatoka kingo zake. Kikosi chetu kikatumwa na malori kuwatoa watu mashambani. Asubuhi afande alipotaja vijiji kimoja kimoja, kikaja kile cha kwa mama mkwe. Dama alikuwa huko huko. Alikwenda kumsaidia mama yake kuvuna, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu jana yake. Nikainua mkono: "Naomba hicho, afande." Athman naye akainua bila kuulizwa, akawa dereva wangu msaidizi.

Njia ya kwenda kule inapita juu ya tuta la udongo jembamba, upana wa lori moja na kidogo, mashamba chini huku na huku. Siku ile mashamba yalikuwa ziwa la maji ya tope, na tuta lenyewe limefunikwa maji ya vifundoni. Nilishuka nikalitembea, kisha nikapita. Karibu na nusu ya njia kuna kalvati, daraja dogo la kupitishia maji. Nililikanyaga kwa mguu, nikaliona zima, tukavuka.

Watu walikuwa wamejikusanya kwenye uwanja wa kanisa, pahali palipoinuka. Dama nikamwona kabla sijazima injini. Akanikimbilia, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake. "Nilijua utakuja," akasema. "Mayo alisema hutakuja, nikamwambia atakuja." Mayo ni mama kwa lugha yetu. Mama mwenyewe aliponiona alivuta leso, akageuka.

Tukapakia wazee, kina mama, watoto, na kuku wengi kuliko ruhusa. Mzee mmoja alitaka kupanda na kitanda chake cha kamba. Athman akamwambia, "Baba, kitanda ni cha mti. Kiache, kitaelea, kitakukuta mbele." Ndani ya kabini niliwaweka bibi mgonjwa na mjukuu wake. Dama alitaka mama yake akae mbele, tena nafasi ilikuwapo. Nikasikia jibu: "Mwambie siwezi kukaa ubavuni mwa mkwe bega kwa bega." Nikawapa mgongo mpaka Athman akampandisha. Akaenda kukaa mwisho kabisa wa bodi, kwenye mlango wa nyuma, mbali nami kadiri lori lilivyoruhusu, ameshika mpini wa jembe. Jembe lenyewe lilikuwa limekwenda na maji.

Tukaingia tena kwenye tuta. Maji sasa yalikuwa nusu ya muundi. Athman alitangulia kwa miguu, na pale kwenye kalvati akainua mikono yote miwili. Kalvati tulilopita muda mfupi nyuma halikuwapo. Palikuwa na mdomo wazi, na Sabaki inapita katikati kwa kelele.

Mbele hakuna njia. Kugeuza lori juu ya tuta haiwezekani. Kando, madongoa ya udongo yalikuwa yanameguka moja moja, naona kwa macho. Nikaita redioni. Luteni wetu alikuwa ng'ambo, kijana mtulivu. Akauliza kama naweza kusubiri mashua. Nikamwambia tuta linaliwa. Akasema, "Basi amua wewe, sajini. Wewe ndiye uko huko." Nikaamua. Nyuma yetu, kabla ya kufika kanisani, kuna njia ya ng'ombe inayochepuka na kupanda kilimani hadi shuleni. Tukirudi nyuma mpaka pale, tumepona.

Sasa mnawajua watu wetu lori likirudi nyuma. Kila mtu ni mwelekezi. "Rudi, rudi, rudi!" "Kata kulia!" "Kulia kwako au kwangu?" "Njooo, njoo tu!" Nikatoa kichwa nje nikapiga ukelele mmoja ambao mama yangu angeona haya: "Kimya nyote! Mkubwa hapa ni Athman!"

Athman akashika nafasi yake, tukarudi vizuri kipande cha kwanza. Lakini yeye ni mtu wa Mambrui, tuta lile hakulijua, na kingo zilikuwa chini ya maji. Akapiga hatua moja kando akatumbukia mtaroni mpaka kifuani. Nikamkosa kwenye kioo, nikakanyaga breki. Alidaka mnyororo wa mlango wa nyuma, watu wakamvuta kwa shati, wakamlaza juu ya magunia. Goti lilikuwa limeteguka. Kusimama hawezi.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka mwisho wa bodi. "Dama! Mwambie mwenye gari, yule kijana amekanyaga mtaro. Tuta linapinda hapo, kwenye ule mti wa mkanju." Alilima pembeni ya tuta lile tangu akiwa mwari, alilijua gizani na mchana. Dama akapita katikati ya watu mpaka karibu na kabini akanipa neno. Nikasema haya, mwambie aseme nikate wapi. Dama akarudi. "Mama anasema ukate kushoto!" Nikakata kushoto. Lakini neno lilipotoka kwa mama, likapita kwa Dama, likaruka vichwa vya watu na kuku, mpaka likanifikia mimi, tairi lilikuwa limekwisha kupita mahali pake. Lori likateleza upande wa nyuma, likainama. Watu wakapiga yowe, na yule bibi mgonjwa akanishika mkono kwa kucha. Nikasimamisha.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliogopa kweli. Watu wale wote, mke wangu, juu ya tuta linaloyeyuka, na sisi tunapitisha maneno kama tuko ukumbini tunaulizana habari za mvua. Nikajiambia: ama aibu, ama tuzame. Nikashuka majini, nikaenda mpaka nyuma ya lori, nikasimama chini ya mlango. Nikainua uso. Nikamtazama.

"Shikamoo, mama."

Yeye akaanza kuvuta leso.

"Mama, usijifunike. Gari halirudi nyuma bila mtu, na mtu aliyebaki ni wewe. Ushuke, usimame pale, unielekeze kwa mikono. Itabidi unitazame usoni, nami nikutazame, mpaka tufike."

Mzee wa kitanda akasema kwa sauti, "Ebo! Mkwe huyo! Hilo mtalitolea kuku wa kulipoza."

"Nitatoa, baba," nikamwambia. "Lakini tukizama, kuku atatolewa na nani?"

Mama mkwe alivua leso ya kichwani, akajifunga kiunoni, akamkabidhi Dama kifurushi chake, akashika mpini wa jembe. Kisha akaweka mkono wake begani mwangu ili ashuke. Mkono ulikuwa mzito na mgumu. Nikamwonyesha ishara: mkono huu, mkono huu, njoo, na ngumi ni simama. Akaitika kwa kichwa. "Nikikukosa kwenye kioo nasimama," nikasema. "Kanyaga popote, mimi sitakukanyaga."

Nikapanda, nikaweka gia, nikatazama kioo cha kulia. Na ndani ya kioo kile nikaiona vizuri sura ya mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ana nyusi za Dama. Ana kovu dogo kwenye shavu. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu na hayakunikwepa hata kidogo. Alikuwa anarudi kinyumenyume katika maji ya magotini, anachoma mpini chini huku na huku, kisha anainua mkono: njoo. Nikaja. Mkono wa kushoto, nikakata kushoto. Ngumi, nikasimama, na hapo hapo dongoa kubwa likaporomoka kando. Akapima tena, akahamia ndani kidogo. Njoo. Musyoka mwenyewe asingefanya vizuri zaidi.

Tukaupita mkanju. Kisha, karibu na njia panda, akateleza. Kioo kikabaki na maji matupu.

Nikakanyaga breki. Gari likatulia, na chini ya tairi la mbele nikahisi tuta linalegea. Watu wakapiga kelele, "Enda! Enda! Linavunjika!" Mtu akawa anapiga paa la kabini kwa ngumi. Dama analia, "Mayo! Mayo!" Na mimi mguu wangu uko kwenye breki na macho yako kwenye kioo. Nilitaka kuruka nje nimtafute. Lakini nikiuinua mguu lori litakwenda, na sijui yuko upande gani wa tairi. Nilibaki pale. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya jeshini, na kwa macho ya watu nilikuwa sifanyi kitu.

Akaibuka. Kwanza mpini, kisha kichwa, mvi zote wazi, uso mzima tope. Alikuwa nyuma kabisa ya tairi la nyuma, karibu nalo kiasi cha kuligusa. Alijifuta macho kwa kiganja, akalitazama tairi. Akatazama kioo. Akanitafuta mpaka akanipata. Akainua mkono: njoo.

Tulifika njia panda. Alipoinua ngumi ya mwisho, watu walimvuta juu kwa mikono mingi, nikaweka gia ndogo, lori likapanda njia ya ng'ombe likinguruma mpaka uwanja wa shule. Tuta sikulitazama tena. Walioshuka nyuma yangu walisema lilikwenda lote.

Nikazima injini. Nilipokwenda nyuma, Athman alikuwa anashushwa kwa machela ya leso, amepauka kwa maumivu lakini mdomo uko mahali pake. "Sajini," akaniambia, "mimi nilipewa drumu, wewe umepewa mkwe." Nikamwambia nyamaza utibiwe goti.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya ukuta wa darasa, Dama amemfunga leso kavu. Aliponiona akageuka upande. Nami nikageuka upande. Nikasema, "Dama, mwambie mama nashukuru sana."

Dama alikuwa katikati yetu, maji yanamchuruzika. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akatupa mikono juu. "Mimi leo nimechoka!" akafoka. "Mmetazamana njia nzima, kijiji kizima kimeona. Semezaneni wenyewe!" Akaondoka, akaenda kukaa juu ya ngazi ya darasa, akaanza kulia kwa faraja.

Tukabaki wawili. Watu wote wanatutazama kwa kujifanya hawatutazami. Nikatafuta hata mbuzi wa kupitishia neno, hapana. Nilikwisha kuona bora nirudi kwenye lori nikakague tairi. Akina mama wa shule walikuwa wanapakua sima na kunde kwenye sahani za bati. Mama mkwe akaenda, akapokea sahani moja, akarudi nayo, akasimama mbele yangu. Hakuvuta leso.

"Mwanangu," akasema, "umekula?"

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, yakapita yakaenda. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu alfajiri.

"Bado, mama."

Akanipa sahani, nikaipokea kwa mikono miwili. Kisha nikageuka, nikala nikiwa nimempa mgongo, maana adabu bado ni adabu, na yeye akasimama pale pale nyuma yangu mpaka nikamaliza.